Ulimi wa Sekela

Asubuhi chemchemi yetu ilipokauka katikati ya mvua, nikiwa bado mtoto wa shule ya misheni, niko nyumbani kwa likizo, waliokuwepo uani ni hawa. Bibi mzaa baba, Nakayange, ambaye jina lake la ubatizo lilikuwa Eliza, ingawa hakuna aliyelitumia isipokuwa mchungaji. Mdogo wa baba yangu, Lazaro Kibona. Mama yangu mzazi, Anyandwile. Mke mdogo wa baba, Tusekile, ambaye nilimwita mama mdogo. Na mimi, Ambakisye. Baba alikuwa amepita Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na tulikuwa hatujapata habari zake kwa muda mrefu. Sekela, binti wa mama mdogo, naye hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa wajomba zake, nyuma ya kilima, kupeleka ulezi wa matanga.

Tuliishi Bundali, kwenye mteremko mkali, mahali ambapo siku hizi ni wilaya ya Ileje lakini wakati wa Waingereza palihesabiwa chini ya Rungwe. Wazee wetu waliamini kwamba ndani ya mlima ule amelala nyoka. Hakuwa nyoka wa kuuma watu. Alikuwa na urefu wa mlima wenyewe, na alipogeuka upande wa pili udongo uligeuka pamoja naye, ukashuka na nyumba, migomba na watu waliokuwa ndani. Walisema pia kwamba hageuki kabla ya kuamka, na akiamka maji ya chemchemi hupata ladha ya udongo mbichi.

Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua, Bibi alichagua mtoto mmoja wa kuonja maji asubuhi zote mpaka mvua zikatike. Mtoto huyo aliitwa mwonjaji. Ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kusema kwamba nyoka ameamka. Akisema, watu wa mteremko mzima walivuka bonde kwenda kwenye mwamba wa ng'ambo, ambako kila mji, yaani kila kaya, ulikuwa na kibanda chake kilichoezekwa upya, chenye kuni kavu na kibuyu cha mbegu. Mwonjaji hakula chumvi hata punje mpaka kazi yake iishe.

Mwaka ule nilitaka kuchaguliwa kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Nilikuwa mjukuu mkubwa, nilijua kusoma, na nilidhani hayo mawili yanatosha. Bibi alinishika kidevu, akaniambia nitoe ulimi, akautazama kama mtu anayekagua jino la mbuzi.

"Wewe huko misheni wanakulisha maharage ya chumvi ya dukani," akasema. "Ulimi huu umeshalala, baba."

Akamchagua Sekela, aliyekuwa mdogo kwangu, na ambaye hakujua hata kuandika jina lake.

Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wakioneana wivu juu ya mashamba, vyeo na wanawake, lakini sijaona wivu uliofanana na niliokuwa nao likizo ile. Sekela alikula kwenye chungu cha Bibi. Maini ya kuku yalikuwa yake. Alilala karibu na moto, hakutumwa kuni, na wazee waliopita njiani walimsalimu yeye kwanza, halafu wakaniuliza mimi kama shule inaendelea. Nilivaa kaptura yangu ya kaki, nikakaa barazani na kitabu, nikasoma kwa sauti. Hakuna aliyesimama kusikiliza.

Mama aliumia kuliko mimi, na hakuficha. Siku moja, akitwanga, alisema kwa sauti ya kufika jiko la pili, "Mtoto wa mwenzangu siku hizi ni mke wa mlima. Hata maji hachoti, anaonja tu."

Mama mdogo akajibu bila kutoka nje. "Na wa kwako ni mzungu, dada. Anasoma tu. Kila mtu na bahati yake."

Asubuhi ile ninayoisema, mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi bila kupumzika, halafu ikaacha ghafla. Bibi alikuwa amemruhusu Sekela kwenda matangani siku chache, kwa kuwa msiba wa wajomba haukataliwi, na siku ile nilitumwa maji mimi. Chemchemi yetu ilitiririka kupitia mwanzi uliochomekwa kwenye ukingo, na wakati wa mvua maji yalitoka kwa nguvu hata mtungi ulijaa kabla hujamaliza kufunga ngata. Nilikuta mwanzi mkavu. Nikautikisa. Nikauchomoa, nikaangalia ndani. Chini yake palikuwa na tope tu, na tope lenyewe lilikuwa limepasuka katikati, ufa mwembamba unaopanda kuelekea migomba yetu.

Nilikimbia mpaka uani, nikasema, "Bibi, maji yamekwisha. Nyoka ameamka."

Baba mdogo Lazaro alikuwa anachonga mpini. Hakuinua kichwa. "Umeonja?"

"Hakuna maji ya kuonja, baba mdogo."

"Sasa kama hakuna maji, ladha yake umeijuaje? Au ndivyo wanavyowafundisha huko, kuonja hewa?"

Mama mdogo alicheka. Bibi hakucheka, lakini hakuinuka pia. Akasema, "Tumsubiri Sekela. Atafika leo."

"Bibi, ardhi imepasuka. Njoo uone."

Mama alinivuta mkono. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Usinitie aibu mbele ya huyu. Watasema ni wivu."

Ulikuwa wivu, na maji pia yalikuwa yamekwisha. Mtoto hawezi kuwaeleza watu wazima kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Nilitoka nikaenda kwenye njia ya kilimani, si kwa kumtafuta Sekela, bali kwa sababu sikutaka waone machozi. Nikakutana naye akishuka na kapu kichwani, pua imevimba, macho mekundu.

"Shikamoo, kaka," alisema kwa sauti ya puani.

"Una nini?"

"Mafua. Tangu juzi hata moshi siusikii. Wajomba wamenipa ndizi za kuchoma, nimekula kama ninatafuna majani."

Naandika kama nilivyohisi: nilifurahi. Niliona jinsi atakavyosimama mbele ya Bibi na ulimi wake uliokufa, na jinsi watu watakavyokumbuka ni nani aliyefika chemchemi kwanza.

"Wanakusubiri," nikamwambia. "Mwanzi umekauka. Mimi nimesema, wamenicheka."

Alisimama. "Umekauka na mvua yote hii?"

"Umekauka. Na chini pamepasuka, ufa unapanda kwenye migomba."

"Umeuona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu."

Hakuuliza zaidi. Alilitua kapu kutoka kichwani kwake, akaliweka kichwani kwangu, akakimbia.

Nilipofika chemchemi na kapu lile, Bibi na baba mdogo walikuwa tayari wamesimama pale. Sekela alipiga magoti, akachota tope kwa kidole, akaliweka kwenye ulimi, akafumba macho. Nilijua hasikii ladha yoyote. Yeye alijua kwamba ninajua. Kisha akamtazama Bibi na kusema, "Nyoka ameamka. Maji ameyanywa yote."

Baba mdogo Lazaro, yuleyule, alipiga ukelele wa kuita miji ya juu kabla Bibi hajageuka. Mama mdogo alifungua mbuzi. Mama yangu alibeba mtungi wa mbegu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika mama mdogo, kwa kuwa njia iliteleza. Bibi alitembea mbele na chungu cha makaa. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Tulikuwa kwenye mwamba wa ng'ambo, jua bado liko juu, mlima uliposhuka. Migomba ilianza kutembea ikiwa imesimama wima, kama watu wanaokwenda sokoni, halafu nyumba yetu ikainama na kufunikwa. Sauti ilikuja baadaye. Hakufa mtu, isipokuwa mbuzi mmoja aliyekataa kuvutwa.

Jioni ile wanawake waliimba jina la Sekela. Nilikuwa nimekaa kando ya Bibi, na nilimwuliza kwa nini hakuniamini.

"Nilikuamini," akasema. "Lakini mlima huu una midomo mingi. Nikiruhusu kila mtu ausemee, watu watahama kila mvua, watachoka, na siku ya kweli hawatahama. Nilimsubiri yule ambaye wote wangemfuata."

Jibu lile lilinifaa nilipokuwa mzee. Siku ile lilinichoma.

Nilimaliza shule, nikawa karani wa baraza huko Mbozi, nikaishi Vwawa mpaka nilipostaafu. Kila niliporudi Bundali nilikuta watu wamekwenda kumwuliza Sekela kama wahame au wabaki, hata baada ya kuwa bibi mwenye wajukuu.

Miaka michache iliyopita walikuja maofisa kutufundisha juu ya maafa. Walisema chemchemi ikikauka ghafla wakati wa mvua, ni kwa sababu ardhi imefunguka ndani na maji yamepata njia nyingine, na watu wahame mara moja. Mwenyekiti akasimama, akawaonyesha Sekela, akasimulia habari ya ulimi wake. Wakamwomba aeleze ladha ile ilikuwaje.

"Sikusikia ladha yoyote," Sekela alisema. "Nilikuwa na mafua. Aliyeona ni kaka yangu, yule pale."

Watu wote walicheka kwa upendo, wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Nami, mzee mwenye fimbo, niliona wivu uleule ukinipanda kifuani.

Nimeufikiria sana tangu siku hiyo. Nilidhani nilitamani maini ya kuku na salamu za wazee. Nilichotamani ni kwamba niseme neno na watu wainuke wachukue watoto wao. Mimi nilisema, na mtu mmoja tu aliinuka. Alikuwa yeye.

Sekela Kibona alifariki nyumbani kwake Bundali, mwezi wa kumi na moja, kwa homa ya mapafu.