Mgongo wa Haradhan

Jirani yangu Nirupam Guchhait ameupiga picha mji huu wa Kolkata kwa miaka thelathini na minane, na mkaidi kama yeye sijamwona. Harusi alizikataa. Alitaka tramu, wauza maua chini ya daraja la Howrah, wanaume wanaonyolewa ndevu kando ya njia. Tulimwambia picha hizo hazina mwenyewe. Alitucheka tu.

Aliyemkera ni Haradhan, dereva wa tramu wa uchochoroni kwetu. Hapa, picha inayovikwa shada la maua ukutani ni ya marehemu, na ukutani kwa Haradhan zilikuwa tisa. Aliamini anayekubali kupigwa picha anajipigilia msumari wake mwenyewe. Akiiona kamera tu, huyo, kageuka.

Novemba alifariki ghafla. Siku mbili kabla ya ibada ya siku ya kumi na tatu ya msiba, mkewe Shefali alimjia Nirupam. Hakuwa na picha hata moja ya mumewe. Hilo shada angelivika nini?

Nirupam akafungua masanduku yake, nami nikamsaidia. Tulikagua filamu mpaka macho yakatoa machozi. Haradhan tulimpata mara kumi na moja, kwenye mvua, kwenye jua, sokoni Shyambazar, na mara zote katupa kisogo. Nirupam aliisafisha picha iliyo bora, akaipeleka kama mtu anayekwenda kuungama.

"Shemeji, nisamehe. Uso sina. Nina mgongo tu."

Shefali akaitazama: shati la kazi, mfuko wa chakula begani, mguu mmoja kwenye ngazi ya tramu. Akacheka huku analia.

"Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikamwangalia hivi hivi mpaka anapinda kona. Huyu ndiye wangu, kaka. Mtilie fremu."

Siku ya ibada kuhani alinuna, akasema picha ya ibada huwa ya uso.

"Kwani msafiri huondoka kinyumenyume?" Shefali akamuuliza.

Shada likavikwa. Nililia, sioni haya kusema.

Tangu siku hiyo wale waliomdhihaki Nirupam wanamnong'oneza mmoja mmoja, awapige picha siku wasiyojua. Hata mimi nilimwomba. Akanijibu kwamba alishanipiga zamani, mara nyingi, na nimo humo sandukuni pamoja na wenzangu.