Pikipiki ya Porini ya Mpima Macho

Mpima macho mmoja, mtu mfupi mwenye maneno marefu, alifikia umri wa kuota mvi, naye akaota pikipiki. Si pikipiki hivi hivi; alitaka ile ya lami na porini, yenye tairi za meno na mkia juu kama jogoo aliyekasirika. Huko porini kwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga. Hata bustani ya nyuma ya nyumba aliitazamia dirishani, akilaani mbu.

Kazini wagonjwa walikoma. "Soma mstari wa chini," angesema, na mtu akiwa bado anakodoa, yeye ameshahamia kwenye springi na injini. Wenzake wakambatiza Safari.

Dukani akakuta mbili. Moja nyepesi, siti chini, sura ya mbuzi. Nyingine ndefu, nzito, ina masanduku ya bati ubavuni. Muuzaji akamtazama Safari, akaitazama ile kubwa, akasema bila haya:

"Bosi, hii imekaa kama wewe."

Basi. Akavikwa kilemba cha ukoka kabla ya helmeti, akailipia ile kubwa.

"Miguu inafika chini?" mkewe, mkunga wa zahanati, alimuuliza jioni.

"Miguu ya nini, mama watoto? Pikipiki huendeshwa kwa mikono."

Jumamosi alitoka na buti, vikinga magoti na miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma. Majirani walijipanga malangoni. Kabla hajaiona hata lami, kuku akakatiza kichochoro. Safari akakamata breki, akateremsha mguu kutafuta ardhi. Ardhi haikuwepo. Akalala nayo taratibu, kwa heshima zote, kama kabati lililochoka kusimama.

Alijaribu kuiinua kwa nguvu, kisha kwa dua, mwisho kwa matusi. Ikagoma.

"Jirani, umenunua pikipiki au ghorofa?" fundi seremala akauliza, huku akija kusaidia.

Jumatatu mkewe alimrudisha dukani. Muuzaji alikubali kubadilisha bila ubishi. Wateja wa kuvimba vichwa kwa sifa hawakumwishia; ile kubwa ingepata mwingine. Mkunga akaomba ile nyepesi ilazwe sakafuni.

"Haya baba watoto, inua."

Akainua, akihema.

"Panda."

Nyayo zote mbili zikakaa chini.

"Tunaichukua hiyo hiyo."

Siku hizi, akiwa na mapumziko, humpeleka mkewe kwa wajawazito wa mlimani, njia ya makorongo na mawe. Huanguka, huinuka, hutema tope. Siku moja walifika kileleni, akazima injini, akanyamaza kabisa. Bonde lilitandazwa chini yao hadi macho yakagota.

"Vipi, umeumia?" mkewe akauliza kwa wasiwasi, maana ukimya ule hakuuzoea.

"Hapana. Sikujua kuna mbali kiasi hiki."

Kazini hakubadilika. Ukimuuliza kuhusu ile kubwa, atakwambia aliikataa mwenyewe: mlio wa ekzosi yake haukuwa na adabu.