Aliyejua Maneno Yetu Yote

Nakumbuka alasiri moja ya Desemba, mwanangu, nikiwa binti niliyemaliza darasa la saba juzijuzi tu, nakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba ya bibi yangu kule Masama. Ulikuwa ule wakati ambao watu wetu wanarudi mlimani kwa ajili ya Krismasi, kila njia ina mtu na begi lake. Mara nikasikia sauti ya mwanamume uani: "Yeleuwi! Jamani, si hapa tulipokuwa tunacheza kombolela!"

Nikatoka mbio. Nikamkuta mtu wa makamo, kavaa koti la suti kwenye jua kali, anacheka peke yake. Akasema yeye ni Elinami, mtoto wa mwisho wa bibi, yule aliyevuka mpaka pale Tarakea akiwa kijana mdogo kwenda Mombasa kutafuta maisha. Tangu aondoke hatukupata hata salamu. Mimi sikuwahi kumwona, maana aliondoka sijazaliwa. Na bibi macho yalikuwa yameshaingia ukungu, anawajua watu kwa sauti, na sauti ya mwanawe aliyoibeba moyoni ilikuwa ya kitoto.

"Shikamoo mama," yule mtu akasema, akapiga magoti.

"Marahaba," bibi akajibu. Akampa mkono, basi. Hakulia, wala hakumkumbatia. Nilimwona bibi ana roho ngumu, nakuambia ukweli.

Majirani wakajaa. Na mtu yule alikuwa na maneno, acha tu! Akiapa, anaapa "haki ya nani vile" kama tulivyoapa sisi watoto. Mtu akimtania anamjibu "Umenoa!" Akasimulia chandimu ya mpira wa majani makavu ya mgomba, na wasichana walivyokuwa wakijipikilisha kwa makopo. Sisi watu wa mteremkoni hatuna habari ya kulia na kushoto, kwetu kila kitu kiko juu au kiko chini. Naye alipotaka kwenda chooni akauliza, "Ni upande wa juu au wa chini?" Watu wakapiga makofi. Mama yangu, ambaye alikuwa mjane wa kaka yake Elinami na hakuwa na shemeji mwingine wa kumtetea, alilia kwa furaha mpaka akashikwa kwikwi.

Kesho yake nilikuwa nachambua maharage na bibi. Akasema polepole, "Huyo mtu anaongea sana."

"Bibi! Si mwanao huyo? Anajua kila kitu!"

"Anajua maneno. Kasuku naye anayajua. Wewe umemsikia akiuliza baba yake amelala wapi?"

Maharage nikayaacha hapo hapo. Kwetu tunawazika watu wetu kwenye kihamba, shamba lile la ukoo, katikati ya migomba, karibu kabisa na mlango. Mtu akitoka mbali, hata begi hajafungua, anakwenda kwanza kuwasalimu waliolala pale. Yeye alipoambiwa kwamba babu alishafariki, alisema "Mungu amlaze pema," akaendelea kunywa mtori wake wa ndizi.

Basi nikaanza kumchunguza. Eti mtu ameondoka utotoni, lakini asubuhi na mapema yuko shambani anakagua masale, ile mimea tunayopanda mipakani. Akamuuliza mama, "Sehemu yangu inaishia wapi?" Sehemu hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaishi mimi na mama, hatukuwa na pengine popote. Mchana nikamsikia akimdadisi jirani kama mashamba ya huku siku hizi yanapata wateja. Kila alipocheka niliangalia macho yake, na macho hayakuwa yanacheka. Nilimwogopa, mwanangu. Nililala nimemshika mama nguo.

Mama akaogopa naye, akamwomba bibi amwite mwenyekiti wa kijiji, mtu huyo akamatwe. Vijana wa jirani nao walishaanza kutafuta fimbo. Bibi akawakataza wote. Akaniambia nipike mtori, nimkaribishe mgeni mezani.

Alimwacha ale kwanza. Kisha akasema, "Baba, haya maneno ya Elinami umeyapata kwa Elinami. Hayauzwi dukani. Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, mimi ndiye..."

"Sijakuuliza wewe ni nani."

Kijiko kikamponyoka. Akajifuta uso kwa mkono wa koti. Kisha akasema yeye na Elinami walikuwa wakibeba mizigo pamoja Mombasa, wakilala chumba kimoja. Elinami akaugua, na hakuwa na mwingine wa kumwuguza. Kila jioni Elinami alimsimulia habari za nyumbani.

"Alikuwa anaongea haya haya tu, mama. Homa ikipanda, anacheza kombolela pale kitandani, anawaita wenzake kwa majina. Nilimzika mwenyewe. La shamba ni tamaa tu, mama. Nilidhani hapa hayupo wa kumkumbuka."

Bibi akapiga ukelele ambao hadi leo nausikia. Machozi yote aliyoyazuia siku ile mgeni alipopiga magoti yakatoka sasa. Alipopata pumzi akamshika yule mtu mkono, akaushika kwelikweli, akasema, "Hutaondoka kwangu mpaka uwaonyeshe watu wa ukoo wake alipolala."

Akawaonyesha. Wakarudi na udongo wa kaburi lake, tukauzika kando ya baba yake.

Sasa sikia, mwanangu. Siku hizi mnayamwaga maneno ya utotoni kwenye simu, michezo yenu, majina yenu ya utani, mbwa wenu aliitwaje, na mtu asiyejulikana anayaokota anakupigia kwa lafudhi ya kwenu. Usilainike. Mwache aongee, wewe sikiliza asichouliza. Mtu wa kwenu atauliza nani mgonjwa, nani amefariki, kabla hajauliza kilicho chako. Na ukimkamata mwongo, zuia fimbo kwanza. Muulize huo ukweli wake mdogo ameutoa kwa nani, maana huenda kuna mama anausubiri.

Mungu akupe masikio ya bibi yangu, akuepushe na wanaokujia kwa jina la nduguyo. Na kokote utakakokwenda kutafuta maisha, akurudishe nyumbani kwa miguu yako mwenyewe.