Kumpasha Baba Moto

Mamangu alinipigia simu kutoka Rangwe, nami niko kazini Suna, akaniambia, "Baba yako amekwama mguu juu."

Baba ni marehemu. Nilicheka mpaka bosi akageuka kunitazama, nikaona haya, kisha nikacheka tena. Mama alikuwa anazungumzia ile video ya harusi ya kaka yangu, ambapo baba anacheza akitikisa mabega utadhani hana mifupa. Iko kwenye seva tunayoitunza ofisini, pamoja na harusi, kwaya na matanga ya watu chungu nzima. Mama alikuwa amewaita jamaa wa Homa Bay na Rusinga waifungue kwa simu zao wote pamoja, kama mazoezi, na baba akaganda hewani.

Mazoezi ya nini? Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumletea mama ayie ya dada yangu, zile pesa za kwanza za kuomba ridhaa ya mama mzazi. Neno lenyewe kwa Kijaluo ni "nimekubali". Mama alisema bila kupepesa macho kwamba hatalitamka mpaka mumewe acheze kwanza mbele ya wageni, na jamaa wa mbali wamwone saa ileile. Mama hatanii. Dada yangu alikuwa ameanza kukonda.

Basi nikamweleza mama kwa upole, na upole si kipaji changu. Seva ina diski mbili. Moja ni ndogo na ina mbio, na humo hukaa video moto, zile zinazotazamwa kila saa. Nyingine ni kubwa na nzito, ndiyo ghala. Video isiyotazamwa hupoa, ikapelekwa huko. Wakija watu wengi kuidai kwa pamoja, ile diski nzito huhangaika kuokota vipande huku na kule, kama mhudumu mmoja wa hoteli siku ya soko, na picha inakwama. Kuihamisha kwa mkono bosi alishakataza, kwa sababu kila fundi ana shangazi wa kupendelea.

"Kwa hivyo baba yako amepoa," mama akasema. Nikamwambia ndiyo, na mashine yenyewe ndiyo huamua nani arudi kwenye moto. Akakata simu.

Alhamisi grafu yetu ikapanda mpaka ikagusa dari. Rangwe peke yake ilikuwa inadai video moja, tena na tena, tangu saa ya uji. Damu ikanichemka, nikajua ni wezi wa mtandao hao. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuwafungia nilipoona ni video gani. Nikapiga simu nyumbani. Nyuma ya sauti ya mama nilisikia akina mama wa kanisani, vicheko, vifuniko vya sufuria, na wimbo mmoja ukilia kwenye simu kadhaa, kila simu imefika mahali pake.

"Mama, mnafanya nini?"

"Tunampasha."

Akanieleza kama anayemweleza mtoto kwamba mgeni hapewi chakula kilicholala bila kupashwa. Mmoja akienda kuchuma sukuma, mwingine anabonyeza simu yake. Nililaza kichwa mezani nikacheka hadi machozi. Bosi akaja, akaelezwa, akasema hakuna sheria iliyovunjwa, akaondoka akitikisa mabega. Kufikia mchana mashine ilikuwa imenyoosha mikono. Baba alikuwa kwenye diski ya mbio, mbele ya kwaya zote.

Jumamosi tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaazima projekta. Wakwe waliketi na suti zao. Dada alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Baba akaingia, akatikisa mabega, akazunguka, akainua mguu. Wapashaji walikuwa wamejiziba midomo.

Akaushusha. Wuololo, zile kelele! Babake bwana harusi alirusha kofia akaanza kucheza, na kwenye simu Rusinga nao walikuwa wanapiga vigelegele, hawakukwama hata kidogo. Mimi niliruka na viatu vyangu vya visigino, kimoja sijakiona mpaka leo.

Mama peke yake hakuruka. Alimtazama mumewe mpaka mwisho, akapangusa uso kwa leso, ndipo akawageukia wakwe.

"Ayie," akasema.