Friji Tuliyoambiwa Tumeshinda

Kila nikifungua friji na kukutana na harufu ya samaki na barafu, narudi utotoni kwa mawazo, Dunga, ufukweni mwa ziwa, mchana wa jua kali, kando ya meza ya samaki ya mama.

Barafu ilikuwa imeyeyuka na samaki wetu, ngege, wameanza kulegea. Simu ikalia, mama akaiweka spika. Mwanamume akampongeza: ameshinda friji! Atume ada ya usafiri sasa hivi, na asimwambie mtu.

Niliruka. "Mama, tuma!"

Mama alishika fundo la leso lenye pesa za kununulia samaki wa kesho. Vidole vyake vililifungua, vikalifunga tena.

"Bwana, nimeshindaje na sijacheza?"

"Kompyuta imekuchagua. Harakisha, mama, atapewa mwingine!"

"Basi ilete hapa. Nikiiona nitalipa, na ngege wawili nikuongezee."

Yule mwanamume akakata simu. Nikalia. Mama hakunigombeza.

"Wateja wangu huona samaki kwanza, ndipo watoe pesa," aliniambia. "Huyu anataka pesa kwanza, tena kwa siri na kwa haraka. Akipiga tena, muulize wewe kuhusu hiyo friji."

Alipiga.

"Friji yetu ni ya rangi gani?" nikauliza.

"Wewe mtoto, mpe mama simu."

"Lakini ni ya rangi gani?"

Akakata, na hakupiga tena. Niliitazama barabara kwa muda, ikiwa tupu. Kisha nikachukua kisu, tukaanza kupara ngege waliobaki, tuwakaange kabla hawajaharibika.