Haboba na Mpelelezi Mwenye Kiko

Haboba, ndivyo tunavyomwita nyanya hapa Juba, alihamia kwetu Hai Mauna baada ya mwanawe wa mwisho kufariki hospitalini Nairobi. Huyo alikuwa baba yangu mdogo, na mimi ndiye niliyemuuguza. Wazee wa ukoo waliamua haboba aambiwe kwamba alilala tu, asiamke. Yeye aliwatazama, akakiweka kiko chake kirefu juu ya kabati. Alikuwa akivuta tangu usichana, kama kina mama wengi wa rika lake kwetu. Sasa hakuvuta, chakula alikigusagusa tu, nami nikaanza kuogopa kwamba tutamzika na yeye.

Mimi nina ugonjwa wa filamu za zamani za upelelezi, zile zisizo na rangi. Mke wangu hunicheka: watu wazima na makoti yao wakipiga soga sebuleni! Mwache acheke. Mimi napenda viko. Mpelelezi wa kweli hana haraka. Anashindilia tumbaku kwa kidole gumba, anawasha, njiti inazimika, anawasha tena, na muda wote huo mwenye hatia anatoka jasho. Moshi mweupe ukipanda kwenye giza la picha, mwili hunisisimka hadi leo.

Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa nimefungua kompyuta mezani natazama mojawapo, haboba akavuta kiti. Nikawa namtafsiria kwa lugha yetu.

"Marehemu ni nani wake?" aliuliza, akimwonyesha mpelelezi aliyeketi na kiko sebuleni kwa mtu aliyeuawa.

Nikamwambia si ndugu yake, yuko kazini. Akakataa katakata. Kwetu, mtu akiingia nyumba ya msiba na kiko mkononi, akaketi bila kusema, huyo ni mkubwa wa ukoo aliyekuja kusikia kifo kilivyokuwa. Haondoki mpaka aambiwe.

Nilitaka kumsahihisha. Halafu nikaitazama filamu kama alivyoiona yeye na, Mungu wangu, ndicho hasa kilichokuwa kikitokea. Miaka yote nilidhani natazama mtego, kumbe yalikuwa matanga. Nilibaki kinywa wazi mbele ya filamu niliyokwisha kuiona mara nyingi.

Ilipoisha, watu wote wa nyumba ile ya kwenye filamu wakiwa wamesema waliyoyajua, haboba aliinuka akachukua kiko chake. Alikijaza taratibu, akakiwasha, akaketi akinielekea. Hakusema kitu. Waigizaji wakubwa nimewaona, lakini hakuna aliyewahi kunitia hofu na heshima kwa pamoja namna ile.

"Mwanangu alikufaje?"

Wazee wanisamehe. Nilimwambia yote: kwamba aliugua wiki nyingi, kwamba maumivu yalikuwa makali, kwamba mwishoni alikuwa akimwita yeye, na sisi tukaona kumficha hilo ndiko kumhurumia.

"Aliniita?"

"Alikuita, haboba. Mpaka sauti ikamwishia."

Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni na kuitika kwa sauti kubwa, jinsi mama anavyomwitikia mtoto aliye uani.

"Naam, mwanangu! Mama yuko hapa."