Uyoga wa chai aliotuachia mama mkwe

Admin, nifichie jina na shule ninayofundisha. Kibondo ni padogo, watu tunajuana mpaka kwa mwendo.

Nina miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi, kwetu ni Kilimanjaro. Nilipangiwa kazi huku, nikaolewa na Muha wa hapa hapa, tuna watoto wawili. Mimi ni mjuaji. Mume wangu hunitania kwamba hata mvua ikinyesha nitaielekeza pa kuangukia. Tulikuwa tunacheka.

Mwaka jana, 2013, nilienda semina Kasulu, mwalimu mwenzangu akanipa uyoga wa chai. Kwa wasioujua, ni kitu laini cha mviringo kama chapati. Unakiweka kwenye chupa ya kioo yenye chai ya rangi iliyotiwa sukari na kupoa, unafunika kwa kitambaa, na baada ya wiki unapata kinywaji kichachu chenye gesi. Uyoga ukikaa unazaa mtoto, na huyo mtoto hauzwi, anagawiwa. Akaniambia unatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo. Mimi tumbo lilikuwa linanisumbua kila nikila maharage. Nikanywa, likatulia. Basi nikawa mhubiri wa uyoga.

Mama mkwe alikuwa anaishi Kitahana na alikuwa na sukari. Kila mwezi siku ya kliniki alilala kwetu. Asubuhi namwamkia, "Mwakeye mama," naye anaitikia huku ameshafagia uwanja wangu. Alinipenda kuliko nilivyostahili. Siku moja nikammiminia kikombe. Alikunja uso, akanywa chote. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Mama, hivi vidonge vya hospitali vinachosha mwili. Viache kidogo, ujaribu hii."

Akaniuliza, "Niviache kweli?"

"Viache mama, utaniambia."

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Umesoma."

Nikampa mtoto wa uyoga akaondoka naye Kitahana. Baadaye nilisikia kwamba ule uchachu ulimshinda, akawa anachanganya na asali ili aumalize. Hakutaka kumwaga kitu alichopewa na mke wa mwanawe. Mgonjwa wa sukari, chai ya sukari, na asali juu yake! Kliniki aliendelea kuja kila mwezi, na vidonge alichukua.

Mwaka huu wakati wa palizi jembe lilimkata mguuni. Kakidonda kadogo. Hakakupona, kakaoza, mguu ukavimba, tukamleta hospitali akiwa hajitambui. Daktari aliuliza, "Dawa za sukari alikuwa anameza?" Mume wangu akajibu, "Anameza daktari, hakosi hata siku." Mimi nilikuwa nimeshika kanga yake, nikanyamaza. Alifariki siku ya tatu.

Nilipokuwa nafua nguo zake baada ya mazishi nilikuta vidonge vimefungwa kwenye kitambaa, vya miezi mitano, havijaguswa. Nilivitupa chooni. Mume wangu mpaka leo analia kwamba alichelewa kumleta mama yake, nami namfuta machozi kwa mikono hii hii. Naumia jamani. 

Ningeweza kufa na siri yangu. Lakini wifi yangu naye ana sukari, na ndiye aliyeichukua chupa ya uyoga ya mama. Wiki iliyopita nilimkuta anakunywa. Nikamwambia, "Wifi, kunywa ukitaka, ila vidonge usiache."

Akacheka. "Mbona mama ulimwambia aache? Alinisimulia mwenyewe, alikuwa anajivunia wewe. Nami nimeacha. Mama kauawa na jembe, wifi, siyo sukari."

Nilitaka kumwambia kwamba jembe lisingemuua kama angekuwa anameza dawa. Badala yake nikamuuliza habari za mahindi.

Nikisema, mume wangu atajua nilimzika mama yake nikiwa najua kilichomuua. Sijui kama nitabaki na ndoa, na wanangu wataambiwa nini kuhusu mama yao. Nisiposema, wifi ana watoto wanne, na wa mwisho bado ananyonya.

Jumamosi hii tunaenda Kitahana kumaliza matanga. Wifi amenipigia simu kwa furaha kwamba ile chupa imezaa sana, na atawagawia ndugu wote watoto wa uyoga, uwe ukumbusho wa mama. Ameomba mimi mwalimu nisimame niwaeleze wageni unavyotibu.

Nimekubali.  Ndugu zangu mnaosoma hapa, mnitukane mkishamaliza kunishauri: nikisimama mbele ya ule ukoo Jumamosi, nianze na neno gani?